Kukagua vibali vya maji: maelekezo kwa wanaoanza kazi Kigoma na Tabora

Ukipangiwa ukaguzi wa vibali vya kutumia maji katika Bonde la Ziwa Tanganyika, anza na faili kabla hujaomba gari. Nimefanya kazi hii Kigoma muda mrefu, na vijana wanaokuja kwetu kutoka Chuo cha Maji na vyuo vikuu huwa na hamu ya kushuka mtoni siku hiyohiyo. Hamu hiyo naipenda. Lakini mkaguzi asiyejua kibali kinasema nini hana anachokagua. Faili litakwambia nani amepewa maji, kutoka chanzo kipi, kiasi gani, kwa shughuli gani na kwa masharti yapi. Yaandike yote kwenye daftari, kwa sababu simu ikiisha chaji porini Kibondo bado utayahitaji.

Nguvu yako inatoka kwenye Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Isome yenyewe, usitosheke na kusimuliwa. Sehemu ya kuijua kwa moyo ni ile inayopanga nani atangulie maji yakiwa machache: kwanza matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuutunza mto wenyewe na viumbe wake, tatu ndipo zinafuata shughuli za kiuchumi kama umwagiliaji na viwanda. Ikifika Oktoba utaulizwa swali hilo mkutanoni, na ukisitasita wenye pampu kubwa watakujibia. Mzee akikuletea karatasi ya haki ya maji ya enzi za sheria ya 1974, usiitupe pembeni. Ipige picha, andika namba yake, uangalie kwenye rejista kama ilihuishwa.

Hakikisha pia uko kwenye bonde lako. Nchi yetu ina mabonde tisa ya maji, na mipaka yake hufuata mteremko wa ardhi, haifuati mikoa. Tabora imegawanyika. Mvua inayonyesha Urambo na Kaliua huingia Mto Ugalla, ukaipeleka Mto Malagarasi, na Malagarasi ukaimwaga ziwani kusini ya mji wa Kigoma. Maji ya Wembere kule Igunga yanakwenda upande mwingine kabisa, Bonde la Kati. Nimewahi kuona ofisa akihangaika na mkulima siku nzima kumbe shamba ni la bonde la wenzake.

Ukifika kijijini, pita kwanza kwa mtendaji na mwenyekiti. Ukipewa nafasi ya kusema, anza na hili: mama anayechota ndoo mtoni au kisimani kwa matumizi ya nyumbani haombi kibali. Liseme polepole, ulirudie. Kila mwaka uvumi unazuka kwamba serikali inakuja kutoza ndoo, na uvumi huo ukikutangulia hakuna atakayekuonyesha banio, pale maji yanapochepushwa kuingia mferejini, lilipo. Kibali kinamhusu anayechepusha mto, anayejenga bwawa, anayefunga pampu ya kumwagilia, mwenye kisima kirefu cha biashara na kiwanda. Hata RUWASA, wakala wa maji vijijini, wanaposimamia mradi wa maji wa kijiji, chanzo chao kinatakiwa kiwe na kibali.

Pima kiangazi, na upime mbele ya watu

Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukipima Machi, kila mtu ana maji na kila kibali kinaonekana kimefuatwa. Ukweli wa mto unaonekana Septemba na Oktoba. Ratiba ya safari ikiletwa mezani, pigania miezi hiyo miwili hata kama mafuta ni kidogo.

Nitaeleza kipimo cha mfereji kwa kirefu, maana hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kiangazi kimoja kikali nilikuwa wilayani Kasulu, kwenye mfereji wenye kibali cha lita 30 kwa sekunde. Watu wa juu walikuwa na nyanya na vitunguu vya kijani kibichi, wa chini ardhi yao imepasuka. Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, mzee wa heshima, akaniambia, "Binti yangu, sisi tunachukua yale yetu tu. Hata mlango wa banio hatujaufungua wote." Sikubishana naye. Nilimwomba anishikie tepu.

Tulitafuta sehemu ya mfereji iliyonyooka, isiyo na majani wala mawe, tukapima mita 10 na kuchomeka mti kila mwisho. Upana ukawa sentimita 60. Kina tulikipima sehemu tano, katikati na kandokando, wastani ukawa sentimita 25. Zidisha 0.60 kwa 0.25 unapata mita za mraba 0.15; hilo ndilo eneo la maji yanayopita. Kisha chungwa. Chungwa ni bora kuliko kijiti, kwa sababu linazama karibu lote na upepo haulisukumi. Lirushe hatua chache juu ya mti wa kwanza ili likifika kwenye alama liwe limeshika mwendo wa maji. Kijana mmoja alihesabu kwa simu yake: sekunde 25. Rudia mara tano au zaidi, uache zile ambazo chungwa limekwama ukingoni, uchukue wastani.

Mita 10 kwa sekunde 25 ni mita 0.4 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya juu ya maji tu. Chini na kandoni maji hukwaruza udongo yakapungua mwendo. Kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unapata 0.34. Zidisha na lile eneo la 0.15: mita za ujazo 0.051 kwa sekunde, yaani lita 51. Kibali kinasema 30.

Mzee aliitazama ile hesabu kwenye daftari langu, akamwambia kijana, "Rudia." Tukarudia yote, tepu akishika yeye mwenyewe. Jibu likawa lilelile. Nilimfanyia na hesabu ya siku nzima: ziada ya lita 21 kwa sekunde, mara sekunde 86,400, ni zaidi ya lita milioni 1.8 kwa siku ambazo hazikufika chini. Hapo ndipo alipokwenda mwenyewe kwenye banio, akawa anateremsha mlango kidogo kidogo huku sisi tukipima, mpaka tukafika 30. Tukapaka rangi nyekundu kwenye mlango pale uliposimama. Alama ile ilisaidia kuliko barua yoyote, kwa sababu mtu wa chini akipita anaweza kuona mwenyewe kama mlango uko juu ya rangi au chini yake.

Kama ofisi ina mita ya kupimia kasi ya maji, itumie. Mtoni kwenye maji ya kina kifupi uizamishe asilimia 60 ya kina kutoka juu. Lakini jifunze na njia ya chungwa, kwa kuwa mkulima anaielewa na anaweza kuirudia ukishaondoka.

Kwenye mifereji midogo, shauri jumuiya ijenge kipimio chenye mkato wa V, yaani ukuta mdogo unaokatiza mfereji, maji yakipita kwenye mkato huo. Ukiwa na pembe ya nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 20 juu ya ncha ya chini ya mkato ni karibu lita 25 kwa sekunde. Yakisimama sentimita 10 ni lita 4 na ushee tu. Waeleze jambo hili kwa makini, maana wengi hudhani nusu ya kina ni nusu ya maji. Na kina hakisomwi pale kwenye mkato ambako maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma kidogo, kwenye maji yaliyotulia. Mtu wa pampu pembeni ya Mto Luiche ni rahisi zaidi: ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 4, pampu inatoa lita 5 kwa sekunde. Uliza inawashwa saa ngapi kwa siku, kisha muulize na jirani yake.

Kwenye Malagarasi na Ugalla usiingie majini kupima bila mwenyeji wa hapo. Kuna mamba na viboko, na hakuna kipimo kinachostahili mguu wako.

Visima, majitaka na kingo

Visima virefu vya hoteli, shule na wauza maji mjini hukaguliwa kwa mita. Soma leo saa mbili asubuhi, rudi kesho saa hiyohiyo, kisha toa namba ya jana kwenye ya leo. Pasipo na mita, hilo lenyewe ni kosa la masharti ya kibali, liandike.

Anayemwaga majitaka kwenye chanzo anahitaji kibali cha kutiririsha, tofauti na kile cha kuchukua maji. Huku kwetu waangalie hasa wakamuaji wa mawese walio kando ya vijito. Maji yanayotoka kwenye mashine zao yana tindikali na mafuta, na yakioza mtoni yanamaliza hewa ambayo samaki wanaivuta. Chukua sampuli juu ya mahali yanapoingilia na nyingine chini yake, siku moja, chupa zikae kwenye kisanduku cha barafu. Sampuli moja haithibitishi kitu. Uvinza zingatia zaidi: pale kuna chemchemi za chumvi za asili karibu na Mto Ruchugi, na maji yanaweza kuwa ya chumvi bila mtu yeyote kuyachafua.

Mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Utakuta tofali zinafyatuliwa na mpunga umelimwa humo humo. Pima kwa tepu, piga picha yenye tarehe, na msikilize mtu. Ziwa limepanda sana miaka ya karibuni, na wapo ambao maji ndiyo yaliyowafuata.

Fedha, zawadi na simu za wakubwa

Ada ya matumizi ya maji inalipwa kwa ankara yenye kumbukumbu namba, benki au kwa simu. Wewe usiguse noti hata moja, hata mtu akikusihi kwamba benki iko mbali. Dumu la mawese, kuku, gunia la mpunga, kataa kwa upole na ukatae mapema, kabla hujapima. Baada ya kupima, kila atakayeona kuku kwenye gari ataamini namba zako zimenunuliwa, na mtu wa chini hatakuwa na pa kukimbilia.

Utapigiwa simu pia. Kuna mwaka mwenye shamba kubwa alinipitishia ujumbe kwa mtu mzito kwamba niliache banio lake. Nilimjibu kwa heshima kwamba vipimo viko kwenye daftari na mashahidi wamesaini, na kama ana shaka tukapime tena pamoja. Hakuja. Ndiyo sababu nakusisitizia saini: ya mtendaji, ya mwenye kibali na ya mmoja wa watumiaji wa chini, pale pale mfereji ulipo, kabla tope halijakauka miguuni.

Akizidisha kwa mara ya kwanza, mpe notisi ya maandishi yenye namba uliyopima, namba ya kibali na tarehe utakayorudi. Rudi tarehe hiyo. Bodi ya Maji ya Bonde ina uwezo wa kusimamisha au kufuta kibali, na kesi inaweza kufika mahakamani, lakini hakuna litakalosimama kama hukurudi.

Ripoti ya ofisini iandike unavyotakiwa. Ya kijiji iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili: kibali kinaruhusu kiasi gani, kilichopimwa ni kiasi gani, nini kifanyike na lini. Ibandikwe ofisi ya kijiji. Kabla ya kuondoka, tembea mfereji mpaka shamba la mwisho kabisa, uchukue namba ya simu ya anayelima hapo na umpe ya kwako. Maji yakikatika yeye ndiye wa kwanza kujua, na mara nyingi atakupigia usiku au Jumapili. Pokea.