Ukifukuzwa kwa kukataa kuvunja sheria: mambo ya kuweka sawa mapema

Nikiwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, dereva mmoja wa lori aliniletea simu yake nisome. Saa 11 alfajiri alikuwa amemwandikia bosi wake: "Bosi, breki inavuja upepo, siwezi kutoka na gari mpaka fundi aione." Jibu: "Acha funguo mezani." Wiki moja baadaye akapewa barua ya kuachishwa kazi kwa utoro. Ujumbe ule mfupi ndio uliobeba kesi yake yote.

Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinasema si sababu halali kumwachisha mtu kazi kwa kuwa amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumwagiza alifanye. Kinamlinda dereva huyo, kinamlinda pia keshia anayeambiwa auze bila kutoa risiti ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, na mhasibu anayetakiwa kughushi hesabu. Ila hakuna mwajiri atakayeandika "tumemfukuza kwa sababu amekataa kughushi". Ataandika utoro, utovu wa nidhamu au kupunguza wafanyakazi. Kwa hiyo maandalizi yanaanza siku unapopewa agizo, kabla barua haijaja.

Agizo la mdomo ligeuze maandishi. Muulize bosi kwa ujumbe, kwa adabu: "Nimeelewa unataka nifanye hivi, ni sawa?" Kisha eleza kwa nini huwezi, na useme uko tayari kuendelea na kazi zako nyingine. Usitukane, wala usiondoke kituoni kwa hasira, maana hapo unampa kosa la kweli la kuandika. Hakikisha pia agizo lenyewe linavunja sheria kweli. Kukataa agizo halali, hata liwe la kuudhi namna gani, ni kosa la nidhamu. Tunza ujumbe uliotumwa kwako, mkataba wako, hati za mishahara na majina ya wenzako waliokuwepo. Mafaili ya ofisi yasiyo yako usiyabebe kwa siri.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni barua ya kuacha kazi kwa hiari. Mtu anaitwa ofisini, anawekewa karatasi na kalamu, anaambiwa "saini tu, tukulipe vizuri". Usisaini. Mwajiri akikufukuza, mzigo wa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu ni wake. Ukijiuzulu, wewe ndiye utakayehangaika kuonyesha kwamba ulisukumwa. Akikufukuza kwa mdomo, mwandikie siku hiyohiyo: "Leo umeniambia nisirudi kazini, naomba barua." Usipofanya hivyo, kesho atadai ulijiondokea mwenyewe.

Sasa siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nimeona watu wenye haki tupu wakizipoteza siku hizo kwa sababu meneja aliwaambia "subiri tuongee". Mazungumzo hayasimamishi kalenda. Ongea naye, lakini fomu namba 1 ya Tume ipeleke, na nakala mfikishie mwajiri ukiwa na uthibitisho kwamba ameipokea. Fomu hiyo ina sehemu ya pili kwa migogoro ya kuachishwa kazi. Wengi wanaisahau. Unachodai, iwe kurudishwa kazini au fidia, kiandike pale pale, maana usichokiandika ni vigumu kukidai baadaye. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, ila utatakiwa kutoa sababu nzito.

Kuna wasioingia katika njia hii moja kwa moja. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo halindwi na kifungu hiki, mtumishi wa umma anaanzia kwenye utaratibu wa utumishi wa umma, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Ukiitwa kuchukua stahiki, zichukue: mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi. Kabla ya kusaini, soma mpaka mstari wa mwisho. Ukikuta maneno "sina madai mengine yoyote", yakate, uandike "nimepokea fedha, sikubaliani na sababu za kuachishwa", kisha upige picha karatasi hiyo.

Tume inaanza na usuluhishi, na muda wake ni siku 30. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama chako, wakili au mtu mwingine unayemwamini. Msipopatana, shauri linakwenda kwa mwamuzi anayetoa tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi, na asiyeridhika ana wiki 6 kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Mbele ya mwamuzi nenda na simu yenyewe, siyo karatasi ulizochapisha tu. Dereva wangu alitaka kununua simu mpya na kumpa mdogo wake ile ya zamani. Nilimsihi aiweke kabatini, na laini yake ndani.