Somo: Mzizi wa huanglian na maambukizi ya macho, tuupimeje ushahidi wake

Kila macho mekundu yanapovuma mtaani, naulizwa habari za huanglian, mzizi wa manjano wa Kichina, mchungu kama shubiri. Nauheshimu mzizi huu, ndiyo maana nataka tuupime sawasawa.

Hatua ya 1: Usidanganywe na ukongwe. Shennong Bencao Jing, kitabu cha kale cha dawa za Wachina, kinautaja kwa maumivu ya macho na machozi. Hakituambii wangapi walipona, wala wangapi wangepona bila kutumia chochote. Macho mekundu ya virusi kwa kawaida hupoa yenyewe ndani ya wiki mbili tatu, kwa hiyo dawa yoyote uliyoanza siku ya tano itapata sifa.

Hatua ya 2: Tafuta kiini. Hapa ni berberini, ndiyo inayoupa mzizi umanjano. Maabarani berberini inazuia bakteria wengi, lakini sahani ya maabara haina machozi ya kuisafisha dawa kabla haijafanya kazi.

Hatua ya 3: Tafuta jaribio kwa watu, uulize walilinganisha na nini. Mwaka 1982 watafiti wa India walitumia matone ya berberini ya asilimia 0.2 kwa wagonjwa wa vikope (trakoma), wakayapima dhidi ya sulfasetamidi, dawa ya macho ya kupambana na bakteria. Sulfasetamidi ilituliza macho vizuri zaidi kwa kuyatazama, ila berberini ndiyo iliyofanya vizuri katika kuondoa kimelea chenyewe. Kwangu hilo ni jambo zito. Hata hivyo jaribio lilikuwa dogo, na dawa inayotumika leo kwa vikope ni azithromaisini, ambayo haikuwa upande wa pili wa mizani.

Hatua ya 4: Tenganisha tone na mchemsho. Kilichopimwa India ni dawa safi, kipimo kinajulikana; mchemsho wa nyumbani sivyo ulivyo.

Maswali ya wanachama

*Mama huchemsha mizizi, akachuja kwa kitambaa, tukanawa macho. Si vijidudu vimeshakufa?*
Vya kwenye sufuria, ndiyo. Kisha maji yanapoa wazi, yanapita kwenye kitambaa na mikononi. Na ukali wake hakuna anayeujua. Mwambie mama kwa upole, dada, asikuoshe jicho lenye kidonda.

*Vidonge vyake je?*
Berberini ikimezwa, sehemu ndogo mno huingia kwenye damu. Usitegemee ifike jichoni.

*Mwanangu ana siku nne, macho yamejaa tongotongo.*
Mpeleke hospitali leo, ndugu yangu, usingoje kesho. Ikiwa ni kisonono alichopata wakati wa kuzaliwa, kinaweza kutoboa kioo cha jicho kwa muda mfupi. Na huanglian usimpe kabisa, hata kwa kunywa: Singapore iliipiga marufuku berberini mwaka 1978 (baadaye ikailegeza marufuku hiyo) kwa hofu ya manjano kali kwa watoto wachanga wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hali ambayo hata kwetu Afrika Mashariki ipo kwa wingi.