Somo: Kuleta intaneti ya bei nafuu sehemu iliyoachwa nyuma, anzeni na bili ya mwezi

Wakuu salaam. Somo hili ni refu kidogo ila nawaomba mlisome mpaka mwisho kabla hamjauliza. Ni kwa ajili ya yeyote anayeishi sehemu ambayo kampuni za simu zikiulizwa zinajibu eti soko dogo hapalipi, au sehemu ambayo mtandao upo kabisa ila bando linamshinda mtu wa kawaida. Hizo ni shida mbili tofauti na watu wanazichanganya sana.

Takwimu za 2024 za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zilisema watu bilioni 2.6 duniani hawatumii intaneti. Ukisikia hivyo unawaza minara. Sasa ripoti za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, mwaka hadi mwaka zinaonyesha wengi wa hao wanaishi mahali simu inashika vizuri tu, wasiofikiwa kabisa na mtandao ni sehemu ndogo. Yaani mnara upo, wanauona, na bado wako nje. Kinachowazuia ni bei ya data, simu yenyewe, kutojua pa kuanzia, na kukuta kila kitu kiko kwa lugha wasiyoisoma. Kwa hiyo ukikimbilia kusimika mlingoti kabla hujajua ni lipi kati ya hayo linawakaba watu wako, mnaweza kumaliza pesa zote na watu wakabaki palepale.

Hatua ya 1: Waulize watu, nyumba kwa nyumba

Chukua daftari. Uliza nani ana simu ya intaneti na nani anaazima, wananunua bando la siku au la mwezi, wanalitumia kwa nini, likiisha wanafanyaje. Wanawake waulize wakiwa peke yao maana mara nyingi simu ni moja nyumbani na anayejibu maswali mlangoni ndo huyohuyo anayeishika. Wenye ulemavu wa macho, wazee, wasiosoma, msiwaruke, hao ndo mtawahitaji baadaye kuwaambia kama kazi yenu imefika.

Kipimo cha bei mnacho tayari: mwaka 2018 Tume ya Broadband ya Umoja wa Mataifa iliweka lengo kwamba huduma ya msingi isizidi asilimia 2 ya wastani wa kipato cha mtu kwa mwezi. Ila huo ni wastani wa nchi nzima na unaficha mengi, mwenye kipato kikubwa anamfunika asiye nacho, sasa nyie chukueni kipato halisi cha kaya za chini kwenye daftari lenu ndo mpige hiyo asilimia 2. Jibu litakuwa dogo na litawasikitisha. Hilo ndilo la kufanyia kazi.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kila mwezi kabla ya kununua hata waya

Hapa ndo nataka mkae muda mrefu. Wa kuwachangia antena mtampata, watu wanapenda kufadhili kitu cha kupigia picha. Wa kulipa bili ya mwezi wa 18 simjui. Andikeni gharama zote: spidi mnayonunua, umeme, posho ya fundi, kodi ya paa au kiwanja kama ipo, leseni, na akiba ya kubadilisha vifaa, hii ya mwisho watu huisahau halafu betri ikifa mtandao mzima unakufa nayo. Gawanya jumla kwa idadi ya kaya ambazo kweli zitalipa, sio zote zilizosema "wazo zuri". Ikizidi kile kiwango cha hatua ya 1, rudini mezani, punguzeni spidi, tafuteni taasisi ya kuchangia kama shule au zahanati, au pangeni bei mbili, biashara walipe zaidi na kaya walipe kidogo.

Mnaweza kusema si kuna ruzuku za serikali. Zipo na ziombeni, nchi nyingi zina mfuko wa mawasiliano kwa wote unaochangiwa na kampuni za simu, nenda kaulize wanaupokeaje mradi wa jamii. Ila msiijengee nyumba yote juu yake. Marekani walikuwa na mpango wa ACP, kaya zaidi ya milioni 23 zilikatiwa mpaka dola 30 kwenye bili ya intaneti ya kila mwezi, pesa ikaisha Juni 2024 na mpango ukafungwa, familia zikabaki na bili nzima. Marekani hiyo. Ruzuku itumieni kwa vitu vya mara moja, kuchimba, kununua, kufundisha, na bili ya mwezi isimame kwa miguu yake.

Hatua ya 3: Chanzo cha intaneti

Tafuteni fiba, ule waya wa kioo unaobeba intaneti, ilipoishia. Mara nyingi iko karibu kuliko mnavyodhani, inafuata reli, nguzo za umeme mkubwa, barabara kuu, inaingia kwenye ofisi za serikali na hospitali. Mkikubaliwa kuunganishwa, ulizeni mambo mawili kwa maandishi: mnaruhusiwa kuwagawia wengine? Na spidi ni yenu peke yenu au mnashea na wateja wengine? Kuna tofauti kubwa hapo.

Na msidanganyike na namba. Spidi inauzwa kwa megabiti na mafaili yanapimwa kwa megabaiti, baiti moja ni biti 8, kwa hiyo laini ya megabiti 20 inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde. Sio kidogo. Kuongea kwa sauti mtandaoni kunakula kama megabiti 0.1 tu, na watu 100 waliosajiliwa hawawi hewani wote kwa pamoja. Laini hiyohiyo ikipangwa vizuri inahudumia watu wengi wa meseji, sauti na kusoma, video ndo zinaibana.

Hatua ya 4: Kusambaza

Kuna njia ya redio na njia ya waya. Redio za waifai za kuelekezana, paa kwa paa, ni rahisi na mnaweza kufunga wenyewe, sharti zionane. Na kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi yanahitaji nafasi pembeni ya ule mstari, kwa kilomita 5 kwenye gigahezi 5.8 ile nafasi pale katikati ina kama mita 8 kila upande, angalau asilimia 60 iwe wazi, maana yake kilele cha mti kiwe chini ya mstari kwa mita 5 hivi. Na miti inakua, wekeni na hiyo kwenye hesabu.

Waya ni ghali kwenye kuchimba, fiba yenyewe sio ghali kihivyo. Kule kaskazini mwa Uingereza kuna mtandao wa jamii unaitwa B4RN, ulianza 2011, wanakijiji waliruhusu mitaro ipite mashambani mwao bila kudai malipo na wengine wakachimba wenyewe, wakapata fiba mpaka majumbani kwenye vijiji ambavyo kampuni kubwa zilivipita. Kama ardhi ni yenu na nguvu mnazo, fikirieni hilo kwa uzito.

Hatua ya 5: Umeme

Redio na ruta ndogo zikila wati 10, kwa saa 24 ni wati-saa 240. Betri ya volti 12 ya Ah 100 ina wati-saa 1,200, kama ni ya asidi usiishushe chini ya nusu la sivyo itakufa mapema, kwa hiyo una 600, siku mbili na nusu bila jua. Paneli ya wati 100 inatosha sehemu yenye jua la kutosha la saa 5. Mkiwa na ziada, chajini simu za watu kwa malipo kidogo. Zenzeleni, ushirika wa wanakijiji wa Mankosi kule Eastern Cape, Afrika Kusini, vituo vyao vya sola vilichaji simu pia na hiyo ikawa sehemu ya kipato chao.

Hatua ya 6: Sheria

Kaulizeni kwa mamlaka ya mawasiliano mapema, hata kama masafa ya waifai yako huru, kuuza huduma ni kitu kingine. Nchi zinatofautiana sana. India tangu Desemba 2020 mwenye duka anaweza kuuza waifai bila leseni chini ya mpango wa serikali unaoitwa PM-WANI, kwingine unahitaji vibali kadhaa.

Hatua ya 7: Nani mwenye mtandao

Andikeni katiba fupi wakati bado mnapendana. Vifaa ni vya nani, nani anashika pesa, nani anaona hesabu, asiyelipa anafanywaje, bei inabadilishwa na kikao gani. Guifi.net, mtandao wa jamii wa Catalonia, Hispania, ilianza 2004 na imekuwa na nodi (vituo vya kuunganishia) zaidi ya 30,000, na moyo wake ni makubaliano ya maandishi kwamba mtandao ni wa wote, anayejiunga anakubali kuuongeza na kuuacha wazi kwa wengine. Teknolojia ni ileile ya madukani. Kilichowabeba ni ule mkataba.

Hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi. Kila mwezi kweli.

Hatua ya 8: Watu waweze kuutumia

Msiite darasa la kompyuta, ita darasa la kitu mtu anachokihitaji, kutuma fomu ya mtoto ya shule, kuangalia bei ya mazao, kuongea na ndugu aliye mbali kwa video. Mwalimu awe mtu wa hapohapo anayeongea lugha yao, na wanawake wafundishwe na wanawake kama ndo watakuwa huru kuuliza. Fundisheni usalama siku ya kwanza, namba za siri, matapeli, picha za watoto, maana mtu akiibiwa wiki ya kwanza harudi tena na atawaambia na jirani. Asiyeona mwonyesheni programu ya kusoma skrini, iko ndani ya simu nyingi tayari bila kulipia. Halafu wekeni seva ndogo ya ndani yenye Kiwix, programu ya kusoma bila intaneti, inabeba Wikipedia nzima na vitabu, watoto wanasoma bila kugusa ile laini mnayoilipia. Hii moja inabadilisha hesabu zenu za bili kuliko mnavyodhani.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu asante kwa somo, ila siku hizi si kuna satelaiti? Kwa nini tuhangaike na milingoti wakati dishi moja linamaliza kila kitu?

Jibu: Satelaiti ni chanzo kizuri mkuu, pale fiba haifiki kabisa ichukueni. Za zamani ziko kilomita karibu 36,000 juu ndo maana sauti inachelewa kwa nusu sekunde na zaidi, hizi mpya za chini nyingi ziko kilomita mia chache tu na zinajibu haraka. Lakini hapo umepata hatua ya 3 peke yake. Bado lazima uigawe kwa majirani, na soma masharti kama yanaruhusu kugawa. Dishi linakula umeme mara kadhaa ya redio ya kawaida kwa hiyo ile hesabu ya sola uirudie upya, na bili ya mwezi ipo palepale.

Swali: Kwetu kuna vijana wawili watatu wakiingia tu mtandao wote unakwama, wanadaunlodi muvi usiku kucha. Tuwafungie?

Jibu: Usiku kucha waacheni, ndo muda laini imelala. Shida ni jioni. Tumieni ruta inayokubali OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta, humo mnaweza kuweka kitu kinaitwa SQM kinapanga foleni, anayeongea kwa sauti hakwami kwa sababu ya anayeshusha faili kubwa. Kikao kikikubali wekeni kiwango cha juu kwa kila mtu saa za msongamano, kila mtu akijua sheria ni moja. Msianze kufungia tovuti moja moja, mtamaliza siku nzima kugombana na mwisho mtakuwa mnachungulia watu wanasoma nini, hiyo sio kazi ya mtandao wa jamii.

Swali: Habari mwalimu. Mimi nafundisha kina mama, wengi wana simu za batani. Mtandao ukija wao watafaidika nini?

Jibu: Dada swali lako ni la msingi sana. Tengeni sehemu ya pesa kwa ajili ya simu tangu mwanzo, ununuzi wa pamoja na kulipa kidogo kidogo kupitia kikundi ambacho tayari kinaaminiana. Wekeni pia sehemu ya wazi yenye kompyuta au tableti za kutumia bure, na muda wa kina mama peke yao, mchana, karibu na wanapopita kila siku na watoto wakaribishwe. Kingine, mnaweza kuwa na sauti tu: Talea de Castro, kijiji cha Oaxaca kule Mexico, 2013 waliwasha mtandao wao wenyewe wa simu baada ya kampuni kubwa kukataa kwenda, na simu za batani zilipiga humo vizuri. Hiyo inahitaji kibali cha masafa kwa hiyo usiianze bila kuuliza.

Swali: Mwenyekiti wetu anataka vifaa vyote viwekwe kwake kwa sababu nyumba yake iko juu kilimani. Ni sawa?

Jibu: Kilima ni kizuri kwa mawimbi. Andikeni mkataba wa paa: vifaa ni vya ushirika, fundi anaruhusiwa kuingia saa yoyote, na akihama au akiacha uongozi vinabaki. Umeme wake mlipieni hata kama anasema hapana, ili siku moja isije ikawa deni. Na paswedi ya ruta kuu isiwe kwa mwenye nyumba.

Swali: Fundi wetu amepata kazi mbali, ameondoka na kila kitu kichwani. Sasa hivi ruta mbili zimezima na hakuna anayejua pa kuanzia.

Jibu: Poleni ndugu. Mpigieni leo, kabla hajasahau, awatajie paswedi na namba za anwani za kila kifaa, mziandike kwenye karatasi, nakala moja kwenye bahasha iliyofungwa kwa mhazini. Zile ruta mbili anzeni na umeme: pimeni volti kwenye betri, angalieni fyuzi, halafu kichwa cha waya wa mtandao kinaingiaga maji hasa pale juu, mara nyingi shida iko hapo. Mkizipata hewani, chagueni watu watatu wa kufundishwa kwa pamoja, angalau mmoja awe mama mwenye makazi ya kudumu hapo, na bandikeni lebo kwenye kila waya, unatoka wapi unaenda wapi.