Kuku kuanza kula siyo mwisho wa dozi

Wafugaji wa kuku wa mayai, kuanzia Buhongwa hadi Kisesa hapa Mwanza, mnakatisha dozi ya mafua ya kuku, na inawagharimu. Siku ya kwanza kuku wanakoroma, nyuso zimevimba, makamasi yananuka. Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo. Siku ya tatu kuku wanagombania chakula, basi pakiti inafungwa kwa mpira na kuwekwa juu ya kabati, eti akiba. Baada ya muda banda zima linakoroma tena, na safari hii dawa ile ile haifui dafu.

Mafua hayo ya kuku huletwa na bakteria wanaozaliana puani na kwenye matundu ya uso. Oksitetrasaiklini, antibayotiki (dawa ya bakteria) ambayo ndiyo wengi wenu mnanunua, haiwaui papo hapo. Inaingia ndani ya bakteria na kuzuia utengenezaji wa protini, hivyo wanashindwa kuongezeka. Kazi ya kuwamaliza inabaki kwa kinga ya kuku mwenyewe. (Penisilini ina njia nyingine: inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria hadi wanapasuka.) Ukiacha dawa mapema, umewafungulia waliokuwa wamezuiwa tu, na waliohimili dawa ndio wanaozaa, kama magugumaji ya ziwa letu yaliyoopolewa nusunusu. Ubaya zaidi, bakteria sugu wanaweza kuwapa wenzao wa aina nyingine vinasaba vya usugu huo.

Lebo ikisema siku 5, ni siku 5.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo mnaponikera. Tuseme lebo imeandika gramu 5 kwa lita 10. Ndoo yako ni ya lita 20, kwa hiyo inataka gramu 10. Wewe unatia kijiko kimoja cha chai, unakoroga na mti, unasema "inatosha". Hata hujui kijiko hicho kimebeba gramu ngapi! Nunua mizani ndogo ya gramu, au mwombe muuza dawa akupimie vifungu vya kila siku.

Maji nayo yapimwe. Kuku 100 wa mayai hunywa lita 20 hadi 25 kwa siku, na jua likiwaka huzidi. Wagonjwa hunywa kidogo, kwa hiyo angalia jana walikunywa kiasi gani, ndipo uchanganye. Wanyime maji saa moja au mbili asubuhi ili wakipewa yenye dawa wayafakamie. Maji hayo yawe ndiyo pekee bandani, kwenye vyombo vya plastiki, kivulini. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwaga, changanya mapya. Nawaona mnaongeza maji juu ya ya jana. Hiyo siyo dozi tena. Chokaa na maganda ya konokono wa ziwani mnayowawekea pembeni, yatoeni kwa siku hizo, kwa kuwa kalsiamu hushikamana na oksitetrasaiklini na dawa haifyonzwi vizuri.

Shingo zikipinda, kinyesi kikawa cha kijani na vifo vikaja kwa mkupuo, shuku kideri. Hicho huletwa na kirusi. Hakina ukuta wala mtambo wa protini wa kwake, kwa hiyo antibayotiki haina pa kukishika. Kinga yake ni chanjo. Usibahatishe, peleka mzoga ambao haujaoza kwenye maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Mwanza.

Dawa ikifanya kazi, uvimbe hupungua na kuku hurudia kunywa na kutaga. Lakini waliopona mafua wanaweza kubaki na vimelea, kwa hiyo usiwachanganye na vifaranga wapya.

Mwisho, mayai. Kuna dawa ambazo lebo inakataza kabisa kwa kuku wanaotaga. Uliza kabla hujalipa. Zinazoruhusiwa zina siku za kusubiri, na zinaanza kuhesabika baada ya dozi ya mwisho, siyo ya kwanza. Mayai ya siku hizo usimuuzie mtu wa chipsi, wala usiwakaangie watoto wako.