Kabla ya Kupimwa Sukari na Homoni: Mambo ya Kuzingatia

Kosa linalorudiwa sana ni kuacha ugali wiki nzima ili majibu ya sukari "yatoke mazuri". Kwa kipimo cha kunywa glukosi, hila hiyo humgeukia mwenyewe. Mwili uliozoea wanga kidogo huegemea mafuta, na kongosho huchelewa kumwaga insulini. Gramu 75 za glukosi zikiingia kwa mkupuo, sukari hubaki juu na mtu mwenye afya huonekana mgonjwa. Siku tatu kabla, kula kama kawaida, wanga usipungue gramu 150 kwa siku. Ugali na viazi vya nyumbani hufikisha hapo bila mizani.

Usiku mwili haulali. Sukari ikishuka, kongosho hutoa glukagoni na ini huachilia akiba; ikipanda, insulini huiingiza kwenye misuli. Ni kama boya la tangi: maji yenyewe ndiyo yanayofunga bomba. Kipimo cha asubuhi hukagua boya hilo, kwa hiyo usiliguse. Funga kula kwa muda wa saa 8 hadi 14, maji matupu yanaruhusiwa. Anayetoka Ahero akiwa amekula saa mbili usiku, akitolewa damu saa mbili asubuhi, amefunga saa 12. Chai ya rangi, hata bila sukari, isubiri. Sigara na miraa vilevile. Usikimbize matatu ukaingia maabara ukihema, kwa sababu adrenalini huamuru ini limwage sukari. Malaria na homa nyingine hufanya hivyo hivyo, basi kama si dharura, ahirisha hadi upone.

Anayedunga insulini aulize mapema dozi ya asubuhi aifanyeje. Kudunga ya kabla ya chakula huku amefunga ni hatari. Akianza kutetemeka na kutoka jasho, au mashine ikisoma chini ya 3.9 mmol/L, kipimo kimekwisha: anywe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15.

Damu ikishatoka, chembe zake huendelea kula sukari iliyomo, na ikikaa kwenye joto la Kisumu majibu hushuka kwa uongo. Uliza kama imewekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi, na chembe zitatenganishwa lini na majimaji ya damu.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) hakihitaji kufunga. Lakini mwenye selimundu, na kanda ya ziwa ina wengi, aseme kabla: chembe zake nyekundu hazifikishi siku 120 za kawaida, hivyo majibu hudanganya kwa kuonyesha sukari ya chini.

Kwa tezi ya shingo (thairoidi), homoni inayopimwa kwanza, TSH, hutoka ubongoni, kwenye tezi ya pituitari. Tezi ya shingo ikilegea, TSH hupanda kuihimiza. Ikizidisha kazi, TSH hushuka. Mzunguko huu ni wa pole, kwa hiyo baada ya kubadilishiwa dozi ya levothairoksini, dawa ya tezi iliyolegea, ngoja wiki 6 hadi 8. Asubuhi ya kipimo, kidonge kifuate damu, kisiitangulie. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi viachwe angalau siku mbili. Huvuruga mashine, wala si tezi.

Kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, hupimwa karibu saa mbili asubuhi, inapokuwa juu. Mlinzi wa usiku amwambie daktari, saa ya mwili wake imegeuka. Na hapa taja kila kitu: prednisoloni, sindano za viungo, hata krimu ya kung'arisha ngozi. Nyingi za krimu hizo huwa na steroidi kali, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, nayo ubongo ukiiona kwenye damu huacha kuziamuru tezi zilizo juu ya figo. Usiache dawa hizo ghafla ili "usafishe damu" kabla ya kipimo, kwa kuwa tezi zilizolala wiki nyingi haziamki kwa siku moja. Shinikizo la damu linaweza kuanguka, ukatapika na kuzimia. Beba pakiti au kopo lenyewe, daktari asome lebo.