Tabora hadi Ziwa Tanganyika kwa gari: kupanga safari ya kiangazi yenye marafiki na ndugu

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na mama yangu ni Mmanyema wa Ujiji. Kwa hiyo kila kiangazi, tangu nianze kushika usukani, najaza Noah watu na kuteremka ziwani. Nusu ya abiria ni ndugu, nusu ni marafiki ambao hawajawahi kuliona Tanganyika. Safari ya namna hii ina ugumu wake: rafiki anataka kuogelea, shangazi anataka ukae. Mimi napanga kwa kuanza na wazee. Ziwa hupewa muda unaobaki, na muda huo hutosha.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe

Mvua za huku hukatika Mei, na kiangazi hushika mpaka Septemba. Wenye watoto wa shule huenda Juni au mapema Julai, hawana namna nyingine. Lakini kama unaweza kuchagua, ngoja nusu ya pili ya Agosti. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na majirani zetu Burundi, Kongo na Zambia. Kabla ya kupanga, piga simu Kigoma uulize tarehe za mwaka huu. Ukienda ziwa likiwa limefungwa, safari bado ni nzuri, ila usiwaahidi wageni wako mgebuka wa leo leo.

Angalia na mwezi angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, na wavuvi wengi hupumzika. Ukitaka kuona mwalo, yaani ufuko wanapotua wavuvi, ukiwa na kazi, fika siku zisizo na mbalamwezi.

Hatua ya 2: Piga simu kwa ndugu kabla hujawaambia marafiki tarehe

Hapa ndipo safari inapopona au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mpigie ndugu mmoja anayejua habari za ukoo mzima. Muulize nani amefariki tangu mlipoonana, nani anaumwa, nani amehama. Andika majibu kwenye daftari. Nyumba yenye msiba hutangulia, hata kama msiba una miezi minane. Unakwenda kuhani kwanza, ndipo unakwenda kwingine ukiwa na uso wa kucheka. Baada ya hapo ni nyumba ya aliye mkubwa kuliko wote, hata ikiwa mbali na hata kama wewe umezoeana zaidi na wadogo. Habari zitamfikia kabla yako, na ukianzia kwa mdogo wake utakuwa umemvunjia heshima bila kukusudia.

Usipange zaidi ya nyumba mbili kwa siku. Ziara ya nusu saa huku si ziara. Utaketi, utasalimia, utaulizwa habari za kila mtu kwa jina lake, kisha chakula kitaletwa.

Mwaka 2019 tuliteremka watu saba. Nilimwambia mama mkubwa wa Ujiji, "Tutafika mchana," basi, bila saa. Njiani marafiki walisikia njaa, tukasimama tukala chipsi kuku mpaka tukashiba. Tulifika kwake karibu saa kumi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, na pembeni yake sinia limefunikwa kawa. Tuliposalimia alifunua: mgebuka saba wa nazi, mmoja kwa kila mtu, na ugali wa muhogo uliokwisha kupoa na kukauka juu. Hakusema neno. Alianza kutugawia, nasi tukala kila mtu kwa shida yake. Sijausahau mkono wake ukigeuza samaki wa mwisho ili upande mzuri umkabili mgeni.

Tangu siku ile nataja saa kamili, naweka saa moja ya akiba, napiga simu tukifika Uvinza, na gari zima linafika na njaa.

Hatua ya 3: Waandae marafiki, kusanya fedha

Keti nao jioni moja kabla ya safari. Waambie ratiba ya wazee haibadilishwi. Waambie wanawake wabebe khanga na wanaume wasitembee kaptula Ujiji, kwa kuwa ni mji wa Waislamu na wazee wetu wanalitazama jambo hilo. Wafundishe salamu mbili: *mwangaluka* kwa Wanyamwezi asubuhi, *mwakeye* kwa Waha. Shikamoo inatosha kila mahali, lakini mzee wa Kiha akisalimiwa kwa lugha yake na kijana kutoka Dar es Salaam hulikumbuka gari zima.

Fedha ya mafuta, chakula na dharura iwe kwenye mfuko mmoja, na mshika mfuko asiwe dereva. Malazi yaamuliwe mapema: watoto na ndugu walale kwa wazee, marafiki wachukue gesti, kwa mfano mtaa wa Mwanga, Kigoma. Mzee atakataa kwanza. Mwambie mgeni wako anakoroma, au sababu yoyote ya heshima, lakini mwambie kabla hajatandika.

Hatua ya 4: Zawadi na gari

Kutoka Tabora beba asali. Ndiyo inayosubiriwa. Ile ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina ukali kidogo, na wazee huiweka kama dawa ya kifua. Ongeza karanga, michembe, na nsansa kavu (mboga ya majani ya kunde) kwa wenye asili ya Unyamwezi walioko Kigoma. Chupa za asali zifungwe mfuniko na nailoni, zisimame wima. Asali ikimwagika kwenye zulia la gari, utasafiri na sisimizi.

Gari ni mambo ya kawaida: matairi manne na la akiba, maji, breki, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na tarehe. Trafiki watauliza.

Hatua ya 5: Siku ya barabara

Jaza tangi Tabora mjini usiku wa kuamkia safari. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijatoka. Njia ni Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kisha Kidahwe unapokutana na barabara ya Kasulu. Ni kilomita mia nne na kitu. Kabla hujaondoka, pita stendi uwaulize madereva waliotoka Kigoma jana, maana wao ndio wanaojua hali ya njia wiki hiyo.

Urambo ni nchi ya tumbaku, na kiangazi utapishana na malori yamejazwa marobota. Mbele kuna miombo mirefu. Wakulima na warina asali huwasha moto miezi hii, na moshi unaweza kukaa barabarani kama ukungu. Washa taa, punguza mwendo, usimpite mtu usiyeona mbele yake. Vijijini shuka hamsini. Mkisimama msituni, msiache vioo wazi: mbung'o huingia, na kuumwa kwake kunapenya shati.

Mto Malagarasi, mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika, mtauvuka kwenye Daraja la Kikwete. Msisimame juu ya daraja. Vukeni, egesheni pembeni, kisha rudini kwa miguu mtazame mabwawa yale. Uvinza mnunue chumvi. Watu wameichemsha pale kutoka kwenye chemchemi kwa karne nyingi, na bibi yangu hakutaka nyingine kwenye dagaa.

Hatua ya 6: Ujiji na ufuko

Siku ya kwanza ni ya wazee peke yao. Siku ya pili asubuhi wapeleke marafiki kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871. Watoto wa Tabora wanapenda kusikia sehemu inayofuata: wawili hao walipanda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wetu, na Livingstone akakaa hapo mpaka Agosti 1872. Miembe ya zamani mliyoiacha Tabora mtaikuta tena Ujiji, kwani ni njia ileile ya misafara ya pembe na watumwa. Wazee wa Kimanyema wana habari zake nyumbani kwao. Uliza kwa upole, na ukiona hataki, acha.

Gombe, hifadhi ya sokwe, haifikiki kwa gari. Boti huondokea Kigoma kwenda kaskazini. Nenda asubuhi, kwa sababu Julai na Agosti upepo wa kusini huamka mchana na mawimbi huwa makubwa. Mwenye mafua abaki mjini: sokwe huambukizwa na binadamu, na mafua yetu yanaweza kuwaua. Watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata msituni, kwa hiyo panga nani atabaki nao ufukweni.

Kuogelea, waulize wenyeji pa kuingilia. Maji ni maangavu hata unaona kokoto, na hilo hudanganya. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi, na sehemu nyingi chini huanguka ghafla hatua chache kutoka ukingoni. Epuka matete na midomo ya mito, kuna mamba. Jioni jua huzama karibu saa moja, nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo mna muda kuliko mnavyodhani.

Hatua ya 7: Manunuzi na kurudi

Dagaa wanunue mwaloni, Katonga au Kibirizi, asubuhi. Chukua mmoja, mvunje katikati. Aliyekauka vizuri huvunjika kwa mlio na ndani ni mkavu. Akipinda, bado ana maji na ataota ukungu kabla ya Kaliua. Tazama rangi: aliyeanikwa siku ya jua ana fedha inayong'aa, aliyepata mawingu amefifia na kuwa njano. Kisha msugue kiganjani. Ukisikia mchanga, ameanikwa chini. Wa kwenye chanja ni ghali kidogo, na mimi hununua hao. Wabebe kwenye kiroba kinachopitisha hewa, mbali na nguo.

Mawese yatiwe kwenye dumu, usilijaze mpaka mdomoni. Asubuhi ya Tabora yatakuwa yameganda. Usidhani umeuziwa kitu kibovu: weka dumu juani, yatayeyuka yenyewe.

Siku ya kuondoka pita tena kwa mkubwa wao, hata kwa dakika kumi, mkiwa mmesimama. Na mkifika Tabora, piga simu moja Ujiji kabla ya kushusha mizigo. Mama mkubwa halali mpaka asikie, "Tumefika."