Kabla hujameza tena dawa ya amiba

Kama tumbo linakusokota miezi sasa, leo unaharisha, kesho choo kigumu, na kila ukienda duka la dawa unapewa metronidazole "ya amiba", simama kwanza. Mimi hapa Dodoma nilimeza dozi nne ndani ya mwaka mmoja bila kupima choo hata mara moja. Ujinga wangu mwenyewe.

Ukienda hospitali, nenda na daftari. Wiki mbili andika umekula nini, tumbo limejaa gesi saa ngapi, choo kikoje. Langu lilinionyesha maharage yenye vitunguu vingi na (iliniuma hii) zabibu za msimu. Ugali wa uwele kwa mlenda haukuwa na neno. Daktari alisoma kurasa mbili, akaagiza vipimo vya choo na damu, ndipo akataja IBS, yaani utumbo unaosumbua kwa muda mrefu bila vipimo kuonyesha kidonda wala vijidudu.

Ila ukiona damu kwenye choo, uzito unapungua wenyewe, umeambiwa damu ni pungufu, kuharisha kunakuamsha usiku, au shida imeanza ukiwa umevuka miaka 50, usijiambie "ni gesi tu". Omba rufaa ukapimwe utumbo kwa kamera, mapema.